Jeraha Lisiloonekana: Afya ya Akili katika Klabu za Michezo

Utangulizi

Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Mexico, mkimbiaji wa Tanzania, John Stephen Akhwari, aliingia uwanjani akichechemea huku giza likianza kutanda. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda mbio hizo za marathoni zaidi ya saa moja kabla. Akhwari alikuwa ameanguka njiani na kuumia goti, na mguu wake ulikuwa umefungwa bendeji. Hata hivyo alimaliza mbio, akiwa wa 57 na wa mwisho miongoni mwa wote waliofika.

Walimu wengi wa michezo wanapotaka kuwatia moyo vijana wao humtaja Akhwari na kusema, "Jikazeni kama yeye." Mfano huo ni mzuri. Lakini katika habari hiyo limo jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Kabla ya kuendelea na safari yake, Akhwari alihudumiwa. Jeraha lilionekana, likafungwa, ndipo akaendelea. Hakuna aliyemwambia kwamba kufungwa bendeji ni uoga.

Sasa tujiulize: mchezaji akiumia mahali pasipoonekana kwa macho, yaani akilini, nani atakayemfunga bendeji? Katika klabu nyingi mchezaji huyo huambiwa neno moja tu: "Jikaze." Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini neno hilo, linaloufaa msuli, huweza kuidhuru akili, jinsi mwili na akili vinavyofanya kazi pamoja wakati wa mashindano, na namna klabu ya michezo, hasa ya shule, inavyoweza kulinda afya ya akili ya wanachama wake na kuwafikisha kwenye msaada wanapouhitaji.

1. Afya ya akili ni nini?

Watu wengi wanaposikia maneno "afya ya akili" huwaza mara moja juu ya mtu aokotaye makopo barabarani. Hilo ni kosa. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema kwamba afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha ya jamii. Si kutokuwa na maradhi tu. Mtu mwenye afya njema ya akili huweza kuyakabili matatizo ya kawaida ya maisha, hujifunza na kufanya kazi vizuri, na huwa na mchango katika jamii yake.

Kama mwili unavyoweza kuwa na mafua leo na malaria kesho, ndivyo akili nayo inavyopita katika hali mbalimbali. Kati ya akili iliyo tulivu na ugonjwa mkali wa akili ziko ngazi nyingi. Huzuni ya siku mbili baada ya kufungwa katika fainali si ugonjwa. Lakini huzuni inayodumu kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, ikiambatana na kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza mtu, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, na kujiona hana thamani, yaweza kuwa ugonjwa unaoitwa sonona. Wasiwasi nao, ukizidi mpaka ukamzuia mtu kulala, kula au kusoma, ni ugonjwa wenye tiba.

Mambo haya yanawahusu sana vijana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Timu ya mpira wa miguu ina wachezaji 11 uwanjani, na wengine wa akiba nje. Mwalimu afanye hesabu hiyo mwenyewe, kisha aitazame timu yake. Hesabu hiyo haitupi jibu la timu moja, lakini inatuonyesha kuwa tatizo hili haliko mbali nasi.

2. Mwili na akili wakati wa mashindano

Mlinda mlango anapoona mkwaju wa penalti unawekwa, mambo mengi hutokea ndani ya mwili wake katika muda mfupi sana. Sehemu ya ubongo inayopima hatari hupeleka habari kwenye haipothalamasi, iliyo chini ya ubongo. Kutoka hapo mishipa ya fahamu huziamsha tezi za adrenali, ambazo zimekaa juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huongezeka, mboni za macho hupanuka, na damu nyingi huelekezwa kwenye misuli. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza kuwa hii ni namna ya mwili kujiandaa ama kupigana ama kukimbia.

Homoni ya pili, kotisoli, hutoka polepole zaidi na kudumu muda mrefu zaidi. Kazi yake mojawapo ni kupandisha sukari katika damu ili mwili usikose nguvu. Hatari ikishapita, mishipa mingine ya fahamu, ambayo mkubwa wake huitwa vagasi, huurudisha mwili katika utulivu.

Mpango huu si adui yetu. Bila ya huo mchezaji angeingia uwanjani akiwa amezubaa. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walifanya majaribio kwa panya wadogo na kugundua kuwa katika kazi ngumu msisimko wa kadiri ndio uliowasaidia panya kujifunza upesi, ulipozidi, walikwama. Baadaye wataalamu waliilinganisha hali hiyo na ya wanadamu. Mchezaji asiye na msisimko wowote hucheza vibaya. Mwenye msisimko wa kadiri hucheza vizuri. Na aliyezidiwa na hofu huharibu hata pasi aliyoizoea tangu utotoni.

Taabu huanza pale mwili unapoitwa kwenye hatari kila siku bila kupewa nafasi ya kutulia. Kijana anayeogopa matusi ya kocha asubuhi, mtihani mchana, na ugomvi wa nyumbani usiku, huishi muda wote kama mtu anayesubiri penalti. Usingizi hupungua, kumbukumbu hudhoofika, hasira huwa karibu, na hata uwezo wa mwili wa kupambana na maradhi huweza kushuka. Kumwambia kijana huyo "jikaze" ni sawa na kukanyaga mafuta ya gari ambalo injini yake imekwisha kuchemka.

3. Jaribio la darasani

Jaribio hili halihitaji vifaa zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde, daftari na kalamu. Mwanafunzi asiyependa kushiriki asilazimishwe.

(a) Wanafunzi wakae kimya kwa dakika 5. Kisha kila mmoja ahesabu mapigo ya mshipa wa mkononi kwa sekunde 30, na azidishe kwa 2. Aandike jibu.

(b) Mwalimu atangaze kwamba atamchagua mmoja wao kuja mbele na kuhesabu kwa sauti kutoka 300 kurudi nyuma, akitoa 7 kila mara: 300, 293, 286, na kuendelea. Kabla ya kumchagua mtu, wote wahesabu tena mapigo yao.

(c) Mwalimu aseme kuwa hatamwita mtu yeyote. Wote wavute pumzi taratibu kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6. Hivyo kila pumzi moja huchukua sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Waendelee kwa dakika 3, kisha wahesabu mapigo kwa mara ya tatu.

(d) Darasa litafute wastani wa kila kipimo na kuchora mchoro wake.

Matokeo ya mtu mmoja mmoja yaweza kutofautiana, na ndiyo sababu tunatafuta wastani. Aghalabu kipimo cha pili huwa juu kuliko cha kwanza, ingawa hakuna aliyeinuka kwenye kiti chake. Wazo peke yake limeusukuma moyo. Na pumzi ya taratibu, hasa ile inayotolewa kwa muda mrefu kuliko inavyovutwa, husaidia kuutuliza. Mwanafunzi aliyeliona jambo hili kwa vidole vyake mwenyewe hataamini tena kuwa wasiwasi ni "mambo ya kichwani tu".

4. Manufaa ya michezo kwa akili

Michezo yenyewe ni dawa mojawapo. Mwezi Februari 2024 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 218 yenye washiriki 14,170. Uchambuzi huo ulionyesha kwamba kutembea au kukimbia, mazoezi ya kuimarisha misuli, na yoga hupunguza dalili za sonona. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Licha ya mazoezi, klabu humpa kijana vitu vitatu ambavyo akili inavihitaji: wenzake wanaomngojea, kazi anayoiweza, na ratiba inayojulikana. Kijana aliyefiwa, au aliyehamia mji mgeni, huweza kukosa hamu ya kuzungumza na mtu yeyote. Lakini saa kumi jioni mpira ukianza kudundadunda, miguu yake humpeleka kiwanjani. Ndiyo maana aghalabu klabu huwa mahali pa kwanza ambapo mabadiliko ya mtu huonekana. Mzazi aweza asijue, mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wengi aweza asitambue, lakini mwenzake anayempa pasi kila siku atajua kuwa leo huyu si yule.

5. Michezo inapogeuka kuwa mzigo

Pamoja na manufaa hayo, klabu huweza pia kuwa chanzo cha maumivu. Zifuatazo ni nyakati ambazo mchezaji huhitaji kuangaliwa zaidi:

(i) Anapoumia. Aliyevunjika mguu amepoteza pia wenzake, ratiba yake na jina lake la "mshambuliaji". Kadhalika, pigo la kichwa linalouletea ubongo mshtuko huweza kubadili hali ya moyo na usingizi kwa siku au wiki kadhaa.

(ii) Anapoachwa nje ya timu, au anapofikia mwisho wa masomo na kuacha mchezo aliouzoea.

(iii) Anapokosea mbele ya watu wengi, kisha akatukanwa na washabiki, siku hizi hata kwa njia ya simu mpaka usiku wa manane.

(iv) Anapoonewa, kupigwa au kutakwa kimapenzi na mtu mwenye madaraka juu yake, au anapoteswa nyumbani.

Hili la mwisho tusilipite haraka. Mwezi Oktoba 2021 mwanariadha wa Kenya, Agnes Tirop, aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Wanariadha wenzake waliunda kundi liitwalo Tirop's Angels ili kuwasaidia waathirika wa ukatili wa kijinsia. Waliona kwamba mtu huweza kuwa na miguu ya kuushinda ulimwengu, na bado akakosa mahali pa kukimbilia. Basi, mchezaji anapobadilika tabia, tusikimbilie kudhani kuwa kasoro imo ndani yake. Pengine iko nyumbani, au imo ndani ya klabu yenyewe.

6. Mifano miwili ya kutafakari

Mfano wa kwanza ni wa Ujerumani. Robert Enke alikuwa mlinda mlango wa klabu ya Hannover 96, na alikwisha kuichezea timu ya taifa lake mara 8. Mwaka 2006 binti yake mdogo alifariki kwa maradhi ya moyo. Kwa miaka kadhaa Enke aliugua sonona, akatibiwa kwa siri. Tarehe 10 Novemba, 2009, akiwa na umri wa miaka 32, alijiua. Siku iliyofuata mkewe, Teresa, alieleza hadharani kuwa mumewe aliogopa ugonjwa ukijulikana atapoteza kazi yake, na hata mtoto waliyekuwa wamemlea kama wao. Mwaka 2010 chama cha mpira cha Ujerumani, ligi yake na klabu ya Hannover 96 vilianzisha taasisi yenye jina la Enke, ambayo huelimisha watu juu ya sonona na kuwaelekeza wachezaji kwa waganga.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini lazima tuulize ni nini kilichomfanya mgonjwa afiche. Enke alikuwa na mganga. Alichokikosa ni hakika kwamba akisema hatatupwa. Hakika hiyo haipatikani hospitalini. Hutolewa na klabu, wenzake na washabiki.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Tarehe 27 Julai, 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, mchezaji wa jimnastiki Simone Biles aliruka na kugeuka hewani mzunguko mmoja na nusu badala ya miwili na nusu. Akili na mwili wake vilikuwa vimepotezana. Hakujua tena yuko upande gani angani. Katika mchezo ambao kosa dogo huweza kuvunja shingo, aliamua kutoka katika fainali ya timu. Wapo waliomwita mwoga. Siku chache baadaye alirudi na kupata medali ya shaba, na mwaka 2024 huko Paris alishinda medali tatu za dhahabu na moja ya fedha.

Akhwari aliendelea, Biles alisimama. Je, nani shujaa? Wote wawili. Ushujaa haumo katika kuendelea wala katika kusimama, bali katika kulitambua jeraha kwanza, ndipo uamuzi ufuate.

7. Tazama, sikiliza, fikisha

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu wasio waganga. Mwongozo huo una hatua tatu ambazo hata mwanafunzi aweza kuzikariri.

Tazama. Angalia mabadiliko yanayodumu, si ya siku moja. Mchezaji aliyekuwa akiwahi sasa huchelewa. Aliyekuwa akicheka hukaa peke yake. Hula kidogo au hali. Hulalamikia kichwa na tumbo bila ugonjwa kuonekana. Hukasirika kwa jambo dogo. Ameanza kunywa pombe au kuvuta bangi. Hugawa vitu vyake anavyovipenda. Au husema maneno kama "bora nisingekuwapo". Dalili moja peke yake haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, na kazi ya kutambua ugonjwa si ya mwalimu. Hata hivyo, maneno ya kutaka kufa yasichukuliwe kamwe kuwa mzaha.

Sikiliza. Mchague mahali penye utulivu, lakini si pa maficho: kivulini kando ya kiwanja panatosha. Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu wa michezo na mlinda mlango wa timu ya shule:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wiki mbili hizi hukai na wenzako, na mazoezi mara mbili hukuja. Sikuulizi kwa kukugombeza. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu. Nimechoka tu."

"Sawa. Uchovu nao una sababu zake. Tukae hapa kidogo, sina haraka."

Mwalimu huyu ametaja alichokiona, hakumhukumu, na hakuridhika na jibu la kwanza wala hakulilazimisha la pili. Amempa kijana muda. Angesema, "Wenzako wana shida kubwa kuliko zako," au "Mwanamume halii," mazungumzo yangekwisha hapo, na pengine yasingeanza tena.

Mwalimu asiahidi kuficha kila kitu. Aseme kweli: "Nitakalolisikia sitalitangaza. Lakini ukiwa hatarini, nitamwambia mtu anayeweza kukusaidia, na wewe nitakujulisha kwanza." Akihofia kuwa kijana anafikiri kujiua, amwulize waziwazi. Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo jipya. Utafiti haukuthibitisha hofu hiyo. Kinyume chake, kuulizwa kwa upole humpa mtu nafasi ya kuutua mzigo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani. Swali moja la wakati wake si jambo dogo.

Fikisha. Klabu si hospitali. Kama vile kocha asivyounga mfupa uliovunjika, ndivyo asivyoweza kutibu sonona. Kazi yake ni kumfikisha mchezaji kwa anayeweza, na ikiwezekana kwenda naye.

8. Mahali pa kupata msaada

Katika shule, hatua ya kwanza ni mwalimu wa malezi na ushauri. Nje ya shule, mlango ulio karibu zaidi ni zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo mgonjwa huweza kupelekwa hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ziko pia hospitali maalumu za magonjwa ya akili: Mirembe, Dodoma, kwa Tanzania, Mathari, Nairobi, kwa Kenya, na Butabika, Kampala, kwa Uganda. Si lazima mtu aanzie huko, na wengi hutibiwa karibu na nyumbani kwao. Tiba yaweza kuwa mazungumzo na mtaalamu, dawa, au vyote viwili. Kwa mtoto anayeonewa au aliye hatarini, namba ya simu 116 hupigwa bila malipo katika nchi hizi zote tatu. Ikiwa mtu yumo katika hatari ya kujidhuru wakati huo huo, asiachwe peke yake hata kidogo. Vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali mara moja.

Je, kama wataalamu ni wachache? Zimbabwe imetupa somo. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 kuwasikiliza watu wenye dhiki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Walikaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, likaitwa Benchi la Urafiki. Hawakutumia majina magumu ya magonjwa. Walitumia neno la Kishona linalofanana na usemi wetu, "ana mawazo mengi". Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 573 yalichapishwa. Baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 tu ya waliokaa na bibi hao, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida zilibaki kwa asilimia 50. Mpango huo umekwisha kuvuka mipaka na kufika Malawi na Zanzibar.

Tusilielewe somo hili vibaya. Bibi hao walifundishwa, walisimamiwa, na wagonjwa wazito waliwapeleka kwa daktari. Lakini walithibitisha kwamba kusikiliza ni ufundi unaofundishika. Kila klabu ina benchi. Kwa kawaida benchi hilo ni la wachezaji wa akiba. Hakuna linalozuia liwe pia la mtu mwenye mawazo mengi.

9. Klabu ifanye nini?

Mapendekezo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi:

(i) Ichague watu wawili wa kusikiliza, mwanamume na mwanamke, waliopata mafunzo na wanaoaminiwa na vijana. Inafaa angalau mmoja wao asiwe mpangaji wa timu, ili mchezaji asihofie kupoteza namba.

(ii) Itangaze mwanzoni mwa msimu kuwa mchezaji atakayeomba msaada hatapoteza nafasi yake kwa sababu hiyo. Ahadi hiyo irudiwe mbele ya wote, na itekelezwe.

(iii) Ipige marufuku matusi, viboko na dhihaka kama njia ya kufundishia. Kocha hukosoa pasi, hamkosoi mtu.

(iv) Iweke kanuni kwamba mtu mzima hakai na mtoto peke yao mahali pa siri, na ionyeshe wazi malalamiko yapelekwe wapi ikiwa mlalamikiwa ni kocha mwenyewe.

(v) Isimsahau aliyeumia. Apewe kazi ya kuhesabu pasi, kutunza mipira au kuwafundisha wadogo, ili abaki mwanachama.

(vi) Ipange mazoezi yasiyokula usingizi na masomo. Kijana wa sekondari anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku.

(vii) Ibandike ukutani jina la zahanati iliyo karibu na namba 116, pale pale panapobandikwa ratiba ya mechi. Tarehe 10 Oktoba, ambayo tangu mwaka 1992 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, yafaa kwa mazungumzo na mchezo wa kirafiki.

Hitimisho

Tumeona kuwa hofu, huzuni na uchovu wa akili vina njia zake ndani ya mwili, njia ambazo mwanafunzi aweza kuzipima kwa saa na vidole. Tumeona kuwa mazoezi husaidia, kwamba klabu ni mahali ambapo mabadiliko huonekana mapema, na kwamba klabu hiyo hiyo ikitawaliwa na matusi huweza kuumiza. Jambo kubwa ni hili: mchezaji hatatafuta msaada mpaka awe na hakika kwamba akisema hatadharauliwa. Kumpa hakika hiyo si kazi ya daktari peke yake. Ni kazi ya nahodha, ya kocha, na ya kijana anayekaa naye kwenye benchi.

Neno "jikaze" tusilitupe. Tulitumie mahali pake, baada ya bendeji.

Maswali na mazoezi

1. Eleza tofauti kati ya huzuni ya kawaida baada ya kushindwa na sonona.
2. Chora njia ya habari kutoka ubongoni hadi tezi za adrenali, na utaje mabadiliko manne yanayotokea mwilini.
3. Katika jaribio la sehemu ya 3, kwa nini tunatumia wastani wa darasa badala ya kipimo cha mtu mmoja? Taja mambo mawili yanayoweza kuharibu matokeo.
4. Mtu mmoja alisema, "Mchezaji hodari hana haja ya kuzungumza juu ya moyo wake." Mjibu kwa kutumia mifano iliyotolewa.
5. Rafiki yako katika timu amekuomba usimwambie mtu yeyote kwamba anafikiri kujiua. Utafanya nini, na kwa nini?
6. Kazi ya kikundi: Tembeleeni zahanati iliyo karibu, ulizeni huduma za afya ya akili zinazopatikana hapo na siku zake, kisha mtengeneze bango la klabu yenu.